Ubao Uliofuata Maji

Naandika polepole. Tangu darasa la kwanza mpaka la saba, mwalimu alikuwa akifuta kazi ubaoni wakati mimi bado nipo mstari wa pili. Baada ya la saba sikuendelea. Nilibaki nyumbani na mama, kwenye kibanja chetu cha migomba kinachoshuka karibu mpaka kwenye Mto Kagera, wilaya ya Kyerwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Murongo. Habari ya mwandiko naitanguliza kwa sababu ndiyo iliyonipatia kazi, na kazi hiyo nusura ituondoe nyumbani.

Watu wa utafiti walikuja mwezi wa kwanza. Walituita uwanja wa shule ya msingi, wakatueleza kwamba wanataka kujua kama mto unaweza kubeba boti kubwa za mizigo. Mitumbwi ya kubeba magunia mawili matatu ipo siku zote. Wao walizungumzia boti za injini, zinazoweza kuchukua kahawa na maharage ya kijiji kizima kwa safari moja, kuanzia chini ya maporomoko mpaka ziwani. Ili boti kama hiyo ifanye kazi mwaka mzima, walisema, lazima maji yawe na kina hata kiangazi. Kiangazi kikikuta maji haba, hakuna boti, na mambo yanaishia hapo. Mtu mmoja akauliza kama magunia yatapakiwa na watu au na mashine. Hakuna aliyemjibu vizuri, tukarudi nyumbani.

Kesho yake walishuka kwetu. Walipima kwa kamba kutoka mtoni mpaka mlangoni, wakarudia tena. Ukingo wa hapa ni mgumu, una mawe chini, si kama kwingine kwenye mafunjo na tope. Wakasema kama boti zitakuja, gati litajengwa hapa. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya eneo la gati, pamoja na sehemu ya kibanja alikozikwa baba. Kijana mmoja akachora alama ya X ukutani kwa rangi nyekundu. Alimwomba mama radhi huku anachora.

"Msiendeleze kitu chochote mpaka utafiti uishe," mkubwa wao alisema. "Msijenge, msikarabati, msipande mazao ya kudumu."

"Utaisha lini?" mama aliuliza.

"Mwaka mmoja, mama. Tukishajua maji ya mwaka mzima, basi."

Mama alikuwa amenunua mabati mapya. Paa letu lilikuwa la zamani, limeoza kwenye misumari, na fundi alikuwa amekubali kuja wiki iliyofuata. Mama alimtumia fundi ujumbe asije. Mabati akayaegemeza ukutani, juu ya ile X, ikawa haionekani.

Huyo mkubwa wao ndiye nitakayemwita mpimaji. Alikuwa mtu wa upande wa Muleba, mwenye sauti ya chini, viatu safi, na adabu. Alimwamkia mama shikamoo kila alipokuja. Alihitaji mtu wa kusoma kipimo cha maji mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na kuandika namba kwenye daftari. Vijana kama kumi tulikusanyika kwenye kivuko cha mtumbwi, akatusomea namba za majaribio. Wenzangu waliandika haraka, wakasimama wakichekana. Mimi nilikuwa nimeinama bado. Alipopita akiangalia, alikuta saba zao zinafanana na moja, na sita zao hazina kichwa. Zangu akazisoma bila kuuliza.

"Huyu," akasema.

Baba mdogo alicheka. Yeye ni mdogo wake marehemu baba, na ndiye mwenye mtumbwi wa kuvushia watu. "Mpimaji, huyo ataandika mpaka mto ukauke."

"Afadhali," mpimaji akasema. "Anayeandika polepole harudii."

Niliona aibu hata kusema asante. Niliitikia kwa kichwa.

Kipimo chenyewe kilikuwa ubao mrefu, mrefu kuliko mtu, umepakwa rangi nyeupe na kuchorwa mistari na namba nyeusi, kama rula ya jitu. Sifuri ilikuwa chini kabisa. Waliusimamisha ndani ya maji ukingoni, hatua mbili kutoka nguzo ambayo baba mdogo hufungia mtumbwi. Mpimaji akatuonyesha namna ya kusoma: unaangalia maji yameishia kwenye mstari gani, unaandika. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Mzee wangu, ubao huu uhesabuni ni wenu. Utunzeni kama mnavyoitunza nguzo hiyo."

"Hapa nguzo haijawahi kupotea," baba mdogo akasema, "tangu enzi za baba yetu."

Ilikuwa kweli. Nguzo ya mtumbwi ina utaratibu wake kwetu. Mto huu unapanda na kushuka kwa msimu, na kivuko kinasogea nao. Masika nguzo inakuwa juu, karibu na njia. Kiangazi maji yanarudi nyuma, na nguzo lazima iyafuate, la sivyo abiria watakanyaga tope mpaka magotini kabla ya kufika kwenye mtumbwi. Anayekuta nguzo imebaki kwenye tope anaing'oa na kuisimamisha kwenye maji. Hasubiri kuambiwa na haombi ruhusa. Kuiacha ni uvivu, na pia ni kama kumwacha mgeni nje ya mlango. Nimeyajua hayo kabla sijajua kusoma.

Basi nikaanza kazi. Asubuhi nilishuka, nikasoma, nikaandika. Jioni vivyo hivyo. Mteremko wetu ni mkali, na masika udongo wake unateleza kama umepakwa mafuta. Nilikuwa nafunga daftari ndani ya mfuko wa nailoni na kulitia kifuani chini ya nguo. Baba mdogo alikuwa ananiita karani.

"Karani, maji yamesemaje leo?"

"Yamepanda."

"Hilo hata mimi nimeliona, na sijalipwa."

Kila mwezi mpimaji alikuja kwa pikipiki. Alikuwa na vipimo vingine vinne huko chini mtoni, kwa hiyo alikuwa na haraka. Aliketi kwenye benchi barazani, mama akampa chai na ndizi za kuchoma, yeye akapiga picha kurasa za daftari moja baada ya moja kwa simu.

"Ubao uko salama?"

"Upo," nilimjibu.

"Haujaanguka?"

"Haujaanguka."

Hakuwahi kushuka mtoni. Alitazama mteremko, akatazama viatu vyake, akamshukuru mama, akaondoka. Mimi nisingeweza kumwambia ashuke. Mtu mzima na mtaalamu, nani angemwambia.

Masika yale mama alihamisha kitanda chake mara nne. Mwanzoni maji yalidondokea miguuni, akakigeuza. Yakadondokea kichwani, akakisogeza ukutani. Ukuta ukalowa. Tukaweka sufuria, ndoo, na karai la kuogea, na kila chombo kikawa na mlio wake. Asubuhi niliyabeba yale maji nje kabla sijashuka kusoma mengine.

"Nyumba nzima nimeshailalia," mama alisema, "kona kwa kona. Imebaki juu ya meza."

Nilimwambia tumwombe mwenyekiti wa kitongoji aturuhusu kuziba upande mmoja tu. Mama alikwenda. Mwenyekiti alisema hana mamlaka, na kwamba yeye mwenyewe ameagizwa aripoti bati lolote jipya. Alikuwa akipita kwetu kila wiki kuangalia. Alikuwa haingii, anaitikia salamu akiwa njiani na macho yake juu ya paa. Sidhani alifurahia. Mama hakumlaumu. Alianza kuvaa sweta mchana.

Mwezi wa saba maji yalianza kurudi. Namba zangu zilishuka kila siku, kidogo kidogo. Asubuhi moja nilikuta maji yameuacha ubao kabisa. Ulikuwa umesimama kwenye tope linalong'aa, na chini yake, pale penye sifuri, palikuwa na nyayo za ndege. Nilisimama na kalamu. Sikujua cha kuandika. Kwenye daftari kulikuwa na nafasi ya namba, na mimi sikuwa na namba. Niliona aibu kuacha nafasi tupu kwenye kazi niliyopewa kwa sababu ya mwandiko wangu.

Baba mdogo alikuwa anafika na makasia begani. Alisimama pembeni yangu.

"Karani, umemwacha mgeni kwenye tope?"

"Maji yamekwenda."

"Si ndiyo. Na nguzo mimi naihamisha leo. Tuihamishe na hii."

Tuliung'oa pamoja. Ulikuwa mzito, tope lilikuwa limeushika. Tukaubeba mpaka kwenye maji, tukauchimbia vizuri kuliko walivyouchimbia wenye ubao. Baba mdogo alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza pembeni ya ubao aone kama umesimama wima. Alipoona umeinama kidogo, aliurudia. Watu wawili waliokuwa wakisubiri kuvuka walitusaidia kusindilia mawe. Nikasoma namba, nikaandika. Ilikuwa namba nzuri, karibu sawa na za mwezi uliotangulia. Nilijisikia nimefanya kazi.

Kiangazi kile tuliuhamisha mara tatu kufuata maji. Mvua za vuli zilipoanza, tuliurudisha juu kwa hatua zile zile, kama nguzo. Namba zangu zote zilikuwa safi. Sikufuta hata moja.

Mwezi wa kumi na moja, watu wakiwa wanangojea senene, wale panzi wa kukaanga, tuliitwa tena shuleni. Safari hii tuliingia darasani kwa sababu ya mvua. Mpimaji alikuwa amekuja na karatasi kubwa, akaibandika ubaoni mbele. Ilikuwa na mistari, mmoja kwa kila kipimo. Ya vile vipimo vingine vinne ilishuka katikati kama bonde. Wa kwetu ulipanda kidogo masika, kisha ukaenda sawa mpaka mwisho, kama mstari wa rula.

"Mmeona," akasema, na alikuwa amefurahi kweli. "Hapa kwenu kuna kitu cha pekee. Kiangazi chote maji hayakushuka. Pengine ni yale mawe ya ukingoni yanayoshikilia maji. Mahali pengine patahitaji kuchimbwa, lakini gati linaweza kuanza hapa. Ripoti tutaipeleka mwisho wa mwaka."

 Watu walikuwa wamechoka, wengine walikuwa wametoka shambani na majembe. Nyuma kabisa alisimama mfugaji mmoja, mtu anayechunga ng'ombe kwenye nyasi za ng'ambo ya kilima na kuwaleta mtoni kunywa. Alizungumza Kiswahili taratibu, kwa sababu nyumbani kwake wanasema Kinyambo tu.

"Samahani, bwana mtaalamu. Mwezi wa nane ng'ombe wangu walikwenda mpaka kwenye kisiwa cha katikati. Hawakulowa tumbo."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Ng'ombe wako warefu, wana miguu ya ngazi." Wakacheka zaidi.

"Pengine ilikuwa mahali pengine, mzee wangu," mpimaji akasema kwa upole.

"Ilikuwa hapo hapo kwenye ubao," mfugaji akasema, akaketi.

Nilitazama ule mstari wetu. Nikaona siku tuliyouhamisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwa pale, kibonde kidogo, kisha mstari umerudi juu. Kibonde kidogo, umerudi juu. Hakuna mtu mwingine aliyejua kuzisoma. Mimi nilidhani wanataka kujua maji yana kina gani pale mtumbwi unapofungwa. Kumbe walitaka ubao ukae mahali pamoja, na mto ndio uende na kurudi.  Nilitaka kusimama kama yule mfugaji. Nilikaa mpaka watu wote wakatoka.

Tulirudi nyumbani kwenye matope, mama mbele. Alipofika mlangoni alishika bati moja, akalitikisa kidogo, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa.

"Basi tutahama," akasema. "Baba yako naye watamhamisha. Nitaomba wafanye hilo kwanza, nikiwepo."

"Mama."

"Nini?"

Sikuweza. Nilisema ninakwenda kuchuma maharage. Kama ningenyamaza, nyumba ingevunjwa na kaburi lingefukuliwa, kwa ajili ya boti ambazo kiangazi zingelala kwenye tope. Kama ningesema, mwaka mzima ungetupwa, na mama angekaa mwaka mwingine chini ya paa lile. Na baba mdogo angeonekana ameharibu kazi ya serikali, yeye aliyesindilia yale mawe kwa mikono yake. Nilichuma maharage mpaka kapu likajaa, nikaendelea kuchuma.

Kuzungumza kumenishinda tangu utoto. Kwa hiyo niliandika. Nilikaa kwenye jiwe la kivukoni, baada ya kusoma kipimo cha jioni, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Ilinichukua siku tatu. Niliandika hivi:

"Mheshimiwa mpimaji, shikamoo. Namba zote ni za kweli lakini ubao haukukaa mahali pake. Maji yalipouacha tuliuhamisha kama tunavyohamisha nguzo. Tuliuhamisha mara tatu kushuka na mara tatu kupanda. Kiangazi maji yanashuka sana. Mzee wa ng'ombe alisema kweli. Hatukukusudia ubaya. Kosa ni langu kwa sababu daftari ni langu."

Siku ya tatu baba mdogo alikuja akasimama nyuma yangu. Yeye hakusoma sana, lakini alimaliza kuisoma kabla sijamaliza kuiandika. Alirudi kwenye mtumbwi, akamwaga maji yaliyoingia, akavusha mtu mmoja mwenye baiskeli, akarudi.

"Toa hapo 'kosa ni langu'," akasema. "Weka letu."

"Nitaharibu ukurasa."

"Haribu."

Nilifuta kwa mara ya kwanza.

Mpimaji alikuja wiki iliyofuata kuchukua kurasa za mwezi ule. Aliketi barazani, mama akaleta chai. Nilimpa daftari likiwa limefunguliwa pale. Alisoma. Nikafikiri amemaliza, kumbe alikuwa anarudia. Chai yake ikapoa.

"Nani mwingine anajua jambo hili?"

"Watu wote wa kivukoni," nilisema.

"Wote? Na hakuna aliyeniambia?"

Baba mdogo alikuwa amekuja, amesimama kando ya baraza, kofia mkononi. "Hukushuka, waitu," akasema. Hilo neno la heshima alilitumia kwa wageni wakubwa tu.

"Mzee wangu, kwa nini mliuhamisha?"

"Ulikuwa kwenye tope. Ulituambia tuutunze kama nguzo. Tungeuacha kwenye tope, ungesema nini?"

"Ubao ungesema tope," mpimaji akajibu. "Ndicho nilichokuwa nataka kujua."

Alivua miwani, akaifuta na shati. Kisha akauliza kama mashimo ya zamani bado yanaonekana, ili ayapime na kusahihisha. Tulishuka naye mtoni, mara yake ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Baba mdogo alimshika mkono kwenye mteremko. Maji yalikuwa yamekwisha kupanda na kufunika kila kitu. Baba mdogo alionyesha kwa kasia: moja lilikuwa hapa, jingine pale, au pale mbele kidogo. Mpimaji alitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita. Viatu vyake vilikuwa vimezama kwenye tope mpaka kwenye kamba.

"Kosa ni langu pia," akasema. "Ningeshuka mara moja tu."

 Tuliporudi barazani alikuwa anahema. Akasema atafuta mwaka wote wa kipimo chetu, na ripoti haitakwenda mwisho wa mwaka. Wataanza upya, mwaka mzima tena.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, amesikia yote. Hakunitazama.

"Na nyumba?" akauliza.

"Katazo linabaki, mama. Mpaka utafiti uishe."

 Mama alikausha mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Baba," akamwambia, kama anavyowaita watu wote wa umri wa watoto wake anapowaomba kitu, "tangu masika nalala nimekaa. Mwaka wa kwanza niliuvumilia kwa sababu mlisema ni mmoja. Mimi sina mwingine."

Mpimaji alitazama mabati. Yalikuwa yameanza kutu pembeni, pale yalipogusa udongo. Alivaa kofia yake ya pikipiki, akalifunga begi, akafungua tena na kutazama kama daftari limo.

"Mimi napima maji, mama," akasema. "Mambo ya mapaa hayamo katika kazi yangu. Shikamoo."

Fundi alikuja Jumamosi. Mimi na baba mdogo tulimpandishia mabati, na mama alikuwa chini akishika ngazi, akimwambia fundi kila mahali panapovuja kwa kumbukumbu: pale juu ya mlango, hatua mbili kulia, pale palipomlowesha usiku wa Pasaka. Saa nane mchana mwenyekiti alipita. Alisimama chini ya mgomba akatazama juu kwa muda mrefu. Nyundo ilisimama. Sote tulimngoja.

"Msumari wa mwisho umekwenda upande," akasema mwenyekiti. "Hapo mtapata shida." Kisha akaendelea na safari yake.

Mabati yalipokwisha kuondoka ukutani, ile X ilionekana tena, nyekundu kama siku ya kwanza, haikuwa imepigwa na jua wala mvua. Niliuliza kama nitafute chokaa.

"Iache," mama alisema. "Haivuji."

Usiku ule mvua ilinyesha, na mimi niliamka kwa mazoea kutafuta ndoo. Zote zilikuwa zimekauka, zimepangwa kwenye kona. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, kitanda kiko katikati ya chumba.

Mpimaji hakuninyang'anya kazi, wala sijui kwa nini. Mwezi wa kwanza alikuja na mafundi wawili, wakaung'oa ubao na kuusimamisha upya kwenye zege. Alishuka mwenyewe. Alimwambia baba mdogo, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri mtumbwi, kwamba ubao huu hata ukisimama katikati ya jangwa usiguswe.

"Nimeelewa," baba mdogo akasema. "Lakini ni vibaya."

"Ni vibaya, mzee wangu."

Masika yalipita. Maji yalipanda yakafika kwenye namba ambazo sikuwahi kuziandika, kisha yakaanza kurudi. Mwezi wa saba baba mdogo aliing'oa nguzo yake, akaipeleka chini kwenye maji. Aliupita ubao bila kuutazama, kama mtu anayempita ndugu aliyegombana naye. Mwezi wa nane ubao ulikuwa peke yake kwenye tope kavu lenye nyufa, hatua zaidi ya thelathini kutoka mtoni, na mbuzi wa jirani walijikuna hapo. Watu waliovuka waliniuliza mbona siuhamishi, wengine walinisuta kwamba nimekuwa mvivu tangu nipate mshahara.  Mfugaji alipita na ng'ombe wake, akasimama, akaupima ubao kwa macho, akaupima mto kwa macho, akacheka kidogo peke yake.

Utafiti wa pili umekwisha, lakini ripoti bado hatujaisikia. X ipo ukutani. Mama amepanda miche ya kahawa kumi na miwili upande wa juu wa kibanja, ambako pia tulikatazwa. Mimi sijaambiwa niache, kwa hiyo nashuka kila asubuhi na kila jioni. Kiangazi kikiwepo nasimama mbele ya ubao mkavu, nafungua daftari, na kwenye nafasi ya namba naandika maneno matatu, maji hayajafika ubaoni. Nayaandika yote kwa ukamilifu, mara mbili kwa siku. Inachukua muda. Baba mdogo huningoja kwenye mtumbwi mpaka nimalize.